Matibabu Kwanza: Mambo ya Kufanya Mtu Anapobakwa

Katika toleo hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Huku kwetu watu husema "aliharibiwa" au "alipatwa na shida porini," kisha wananyamaza. Hapa tutaliita kwa jina lake, kubakwa, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Makala hii ni kwa wakazi wote wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule: akina mama, akina baba, vijana, viongozi wa RWC na wahudumu wenzangu wa VHT.

Kubakwa ni kuingiliwa kimwili bila wewe kukubali. Inaweza kuwa kwa nguvu, kwa kisu au bunduki, kwa vitisho, au wakati umelala, umelewa au umepewa kitu cha kulevya. Aliyefanya anaweza kuwa mtu usiyemjua uliyekutana naye ukitafuta kuni. Anaweza pia kuwa mtu unayemjua vizuri: jirani, shemeji, mwalimu, hata mume. Kwa upande wa matibabu hakuna tofauti. Mhudumu wa afya hatakuuliza kwanza huyo mtu ni nani wako ndipo akutibu.

Kama huna nafasi ya kusoma makala yote, shika haya matatu:

1. Nenda kituo cha afya mara moja, siku hiyo hiyo ikiwezekana, na kabla ya saa 72 kwisha. Saa 72 ni siku tatu.
2. Mtu mzima hahitaji barua ya mwenyekiti, karatasi ya polisi wala ruhusa ya mume ili atibiwe.
3. Kama umechelewa, njoo hata hivyo. Bado kuna dawa na msaada.

KOSA NILILOFANYA MIMI

Nilipokuwa mpya katika kazi hii ya kujitolea, mama mmoja alinijia Jumamosi jioni. Amenikubalia nieleze habari hii bila kutaja jina, kijiji wala mwaka. Aliniambia kwamba Ijumaa, kama saa mbili usiku, alibakwa akitoka kuchota maji. Nilimpa pole. Kisha nikamwambia, "Mama, Jumatatu twende kwanza kwa mwenyekiti atuandikie barua, tupite polisi, ndipo twende hospitali." Nilidhani ndio utaratibu.

Jumatatu mwenyekiti alikuwa amesafiri. Barua tuliipata Jumanne asubuhi. Tulipofika kituoni ilikuwa saa sita mchana, na mkunga akahesabu kwa vidole mbele yetu. Kutoka Ijumaa saa mbili usiku hadi Jumatatu saa mbili usiku ni saa 72. Kutoka hapo hadi Jumanne saa sita mchana ni saa 16 zaidi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zilikuwa zimepitwa na muda wake. Dawa nyingine alizipata.

Mama yule alisubiri miezi mitatu kujua kama ameambukizwa. Majibu yalipotoka yalikuwa mazuri, lakini hiyo ilikuwa bahati yake. Msaada wangu mimi ulikuwa umemchelewesha. Jumamosi ile aliponijia kituo kilikuwa wazi. Wodi ya wazazi haifungwi usiku wala Jumapili, kwa sababu watoto hawachagui siku ya kuzaliwa. Ningemsindikiza palepale angepata kila kitu.

Ndiyo maana naandika makala hii. Sitaki wewe au VHT mwenzangu arudie kosa hilo.

KWA NINI SAA 72?

Virusi vya UKIMWI vikiingia mwilini havienei mara moja. Kwanza vinakaa mahali vilipoingilia, vinashika chembe chache za mwili na kuanza kuzaana humo. Baada ya siku chache vinafika kwenye tezi na kuenea katika damu. Vikishaenea, hakuna dawa ya kuviondoa kabisa.

Fikiria moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Ukishika kichaka kimoja, mtu mmoja mwenye tawi bichi anaweza kuupiga ukazimika. Ukifika kwenye paa za tukul, kijiji kizima hakiwezi. Dawa za kinga, zinazoitwa PEP, ni lile tawi bichi. Zinavizuia virusi visizaane wakati bado ni vichache. Kwa hiyo saa ya 10 ni bora kuliko saa ya 40, na saa ya 40 ni bora kuliko saa ya 70. Usiseme "bado nina siku tatu" ukangoja.

HUDUMA NA MUDA WAKE

Ndani ya saa 72 (siku 3): dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI.
Ndani ya saa 120 (siku 5): dawa ya dharura ya kuzuia mimba.
Ndani ya siku 14: chanjo ya kwanza ya homa ya ini aina ya B.
Mapema iwezekanavyo kama una jeraha: kusafishwa, kushonwa na kupewa chanjo ya pepopunda.
Wakati wowote: dawa za magonjwa ya zinaa, vipimo, ushauri nasaha, matibabu ya maumivu na majeraha ya zamani.

Sasa tueleze moja moja.

Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Kwanza utapimwa kujua kama tayari unaishi na virusi. Kama huna, utapewa dawa za siku 28. Kwa mtu mzima kawaida ni kidonge kimoja kila siku, na watoto hupewa dawa kulingana na uzito wao. Mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kuzitumia, na asiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Katika siku za kwanza unaweza kusikia kichefuchefu, kichwa kuuma au kukosa usingizi. Hayo kwa kawaida hupungua. Yakizidi rudi kituoni, usiache dawa mwenyewe. Usigawane vidonge na mtu mwingine, maana mtakosa kinga nyote wawili. Meza kila siku mpaka siku ya 28, hata kama unajisikia mzima.

Kama kipimo cha kwanza kinaonyesha kwamba tayari una virusi, hiyo haitokani na tukio la jana au juzi. Maambukizi mapya hayaonekani haraka hivyo. Utaanzishiwa dawa za kudumu, na ukizimeza vizuri unaweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wako.

Utarudi kupimwa tena, kwa kawaida baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3. Mpaka hapo, tumia kondomu na mwenzi wako.

Dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Dawa hii huchelewesha yai lisitoke. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia na haileti ugumba. Inafanya kazi vizuri zaidi ukiimeza mapema, lakini inaweza kutolewa mpaka siku ya tano. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kuimeza, rudi upewe nyingine. Kama unameza dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya UKIMWI, mwambie mkunga, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu yake na atakuongezea kipimo. Njia nyingine ni kitanzi cha shaba, ambacho pia huwekwa ndani ya siku hizo tano na mhudumu aliyefundishwa.

Kama siku zimepita na unaona dalili za mimba, nenda kwa mkunga akupime na mzungumze. Tafadhali usinywe mizizi, sabuni, majani ya chai makali au vidonge vya kununua dukani bila maelezo. Wanawake wanakufa kwa njia hizo. Kama umeshakunywa na unatoka damu au una homa, kimbia kituoni. Wajibu wa wahudumu ni kuokoa maisha yako.

Magonjwa ya zinaa. Kisonono, kaswende, klamidia na trikomona yanaweza kukaa mwilini bila dalili, hasa kwa wanawake, na baadaye yakaleta maumivu ya tumbo na ugumba. Kwa hiyo hatungoji dalili. Utapewa dawa za kuyazuia mara moja, siku ile ile.

Homa ya ini B. Virusi vyake vinaambukiza kwa urahisi kuliko vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kwamba kaskazini mwa Uganda, pamoja na West Nile, ugonjwa huu ulikuwa mwingi kuliko kusini. Chanjo yake hutolewa kwa dozi tatu. Ukipata ya kwanza, uliza tarehe ya pili na ya tatu, maana dozi moja haitoshi. Mtoto aliyekamilisha chanjo zake za utotoni huwa ameshapata hii, kwa hiyo chukua kadi yake kama ipo. Usipoiona, nenda hivyo hivyo.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Ukiweza, usioge, usijisafishe sehemu za siri na usibadili nguo kabla ya kuonwa. Alama zilizobaki mwilini na kwenye nguo zinaweza kuwa ushahidi. Kama umebadilisha, zifunge zile nguo katika karatasi au kitambaa kikavu. Usizitie kwenye kavera, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani unaozesha na kuharibu ushahidi.

Kama umeshaoga, usijilaumu. Karibu kila mtu hutaka kuoga. Dawa zinafanya kazi vilevile, na majeraha bado yanaonekana. Kuoga kusikufanye ubaki nyumbani.

Kama unatoka damu nyingi, una maumivu makali ya tumbo, umevunjika, umekabwa shingo au ulipoteza fahamu, usitembee kwa miguu. Omba jirani, boda boda au VHT akusaidie, na kituo kiite gari la wagonjwa. Walio Lobule hupelekwa kwanza kituo cha afya cha Lobule, na hali ikiwa ngumu hupelekwa Hospitali ya Koboko. Walio Rhino Camp na Imvepi huanza na kituo cha afya kilicho karibu nao. Rufaa kubwa ya mkoa wetu ni Hospitali ya Rufaa ya Arua.

UTAKAPOFIKA KITUONI

Huhitaji kueleza habari yako mbele ya foleni. Mwambie muuguzi au mkunga maneno machache tu: "Nina jambo la siri na la haraka." Hayo yanatosha. Utapelekwa chumba cha pembeni.

Atakayekupima anaweza kuwa daktari, afisa tabibu au mkunga aliyefundishwa. Kabla ya kila hatua atakueleza anataka kufanya nini na kwa nini, na atakuomba ukubali. Unaweza kukubali dawa na kukataa uchunguzi wa sehemu za siri. Unaweza kusema "ngoja kwanza" katikati. Unaweza kuomba mhudumu mwanamke na kumwita mtu unayemwamini akae nawe.

Lugha isikuzuie. Kama mhudumu haongei Kiswahili, Kikakwa, Kilugbara au Kiarabu cha Juba, omba mkalimani. Kama mkalimani aliyeletwa ni jirani yako au ndugu wa aliyekufanyia, mkatae na uombe mwingine. Mtoto wako asitumiwe kuwa mkalimani wa jambo hili.

Utaulizwa lilitokea lini, sehemu gani za mwili ziliguswa, kama una mimba, na dawa unazomeza. Maswali hayo ni ya kuchagua dawa. Swali kama "ulikuwa umevaa nini?" au "ulikuwa unatembea usiku kutafuta nini?" halina kazi katika matibabu, na huna haja ya kulijibu.

Hakuna kipimo cha bikira. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la haki za binadamu na lile la wanawake, yalitaka zoezi hilo likomeshwe, kwa sababu kumwangalia msichana hakuwezi kuonyesha kama ameingiliwa au la. Wengi waliobakwa hawaonekani na jeraha lolote. Kutokuwa na jeraha si dalili ya uongo.

Huduma hizi zote ni bure. Mtu akikuomba pesa, au akikuomba mwili wako ili upate dawa, chakula au jina kwenye orodha, hilo ni kosa kubwa, awe mfanyakazi wa shirika au wa Umoja wa Mataifa. Tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa una amri inayokataza wafanyakazi wake kudai ngono kwa msaada. Peleka malalamiko kwa ofisi ya ulinzi au tumia namba za bure zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo.

Tuseme ukweli pia. Tangu misaada kwa wakimbizi ilipopunguzwa sana mwaka 2025, si kila kituo kina kila dawa kila siku. Ukiambiwa "dawa hakuna," usirudi nyumbani kimya. Uliza, "Iko kituo gani? Naomba barua ya rufaa leo." Saa zinaendelea kuhesabika hata kama rafu za dawa ni tupu.

JE, POLISI?

Hapa ndipo wengi hukosea, kama nilivyokosea mimi. Matibabu na mashtaka ni njia mbili tofauti. Mtu mzima ana haki ya kutibiwa hata kama hataki kushtaki. Ukitaka kushtaki, polisi watakupa fomu inayoitwa PF3A, ambayo ni bure. Mhudumu wa afya huijaza, hueleza alichokiona na kuitia sahihi. Unaweza kutibiwa kwanza na fomu ikaja baadaye, kwa sababu mhudumu ameandika kila kitu kwenye faili lako. Lakini ukifikiri kwamba siku moja utashtaki, mwambie mapema ili aandike kwa uangalifu na kuhifadhi ushahidi.

Kuna desturi ya wazee kukaa chini ya mwembe, wakatoza faini ya mbuzi au pesa, mambo yakaisha. Mara nyingine msichana huambiwa aolewe na yule aliyembaka. Tunawaheshimu wazee wetu. Hata hivyo mbuzi haziui virusi, na ubakaji ni kosa la jinai ambalo kikao cha kijiji hakina mamlaka ya kulimaliza. Tunawaomba wenyeviti wa RWC jambo moja: mtu akija na habari hii, msiitishe kikao. Mpelekeni kituoni, kisha kikao kijadili usalama wa njia ya maji na ya kuni.

MTOTO AKIFANYIWA

Kwa sheria ya Uganda kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kufanya naye ngono ni kosa hata kama yeye alikubali. Marekebisho ya sheria ya jinai ya mwaka 2007 yanamlinda mtoto wa kiume kama wa kike.

Mtoto huenda asiseme. Angalia mabadiliko: anakojoa kitandani wakati alishaacha, anaogopa mtu fulani, analia akienda haja, ana damu au usaha kwenye nguo ya ndani, hataki shule. Ukiona hayo muulize kwa upole, na usimpige ili aseme. Akikueleza, mwambie: "Nimekuamini. Si kosa lako." Kisha mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Saa 72 zinamhusu mtoto vilevile.

Kwa mtoto, mhudumu wa afya hawezi kunyamaza kabisa. Sheria ya Watoto, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawataka madaktari, walimu na maafisa wa ustawi wa jamii kutoa taarifa wanapoona mtoto amedhulumiwa. Lengo ni kumlinda mtoto, kwa hiyo mzazi asiogope. Ukihitaji msaada kwa simu, namba 116 ya Sauti ni ya bure kwa mambo ya watoto.

WANAUME NA WAVULANA

Ndugu zangu wanaume, nanyi pia mnahusika. Vitani Kongo na Sudan Kusini wanaume wengi wametendewa hivi, na kule Kampala Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi kwa miaka mingi na wakimbizi wanaume waliobakwa. Wengi walikaa kimya na maumivu ya mgongo, damu wakati wa haja na usiku bila usingizi, wakiogopa kuchekwa.

Kubakwa hakukuondolei uanaume, na anayebakwa si mhalifu. Kama mwili ulionyesha dalili fulani wakati wa tukio, huo ni mshipa wa mwili kufanya kazi yake bila amri yako, wala si ishara ya kukubali. Dawa za VVU, za magonjwa ya zinaa, chanjo na matibabu ya majeraha ni zako pia. Omba mhudumu mwanamume ukipenda.

KAMA ILITOKEA ZAMANI

Wapo miongoni mwetu waliobakwa njiani wakikimbia vita, miaka mingi kabla ya kufika hapa, na hawajawahi kumwambia mtu. Kwenu pia mlango uko wazi. Mkojo au choo kinachotoka chenyewe bila kuzuilika kinaweza kuwa fistula, na wengi wenye fistula hupona kwa upasuaji. Watu wa Kongo wanamjua Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999. Ametibu maelfu ya wanawake wa namna hiyo, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Pale Panzi mgonjwa hatibiwi mwili tu. Husaidiwa pia moyo wake, kesi yake na namna ya kupata riziki. Usifikiri fistula ni laana. Mwambie mkunga akuandikie rufaa.

Moyo nao huumia. Katika wiki za kwanza unaweza kuota ndoto mbaya, kushtuka kwa kelele ndogo, kukosa hamu ya posho, kuwakasirikia watoto bila sababu, au kujiona mchafu. Hizo ni dalili za mtu wa kawaida aliyepatwa na jambo lisilo la kawaida. Kwa wengi hupungua wakiwa na watu wanaowapenda. Zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au ukianza kufikiria kujiua, usingoje. Mwambie mtu leo, na uje umwone mshauri nasaha. Pombe inasahaulisha usiku mmoja tu, asubuhi shida iko palepale.

WEWE JIRANI, WEWE MUME

Mtu akikuambia amebakwa, kazi yako ni ndogo lakini ni ya haraka:

- Msikilize bila kumkata. Huna haja ya kujua kila kitu.
- Mwambie: "Pole. Si kosa lako."
- Muulize ilitokea lini, na uhesabu saa.
- Mwambie huduma zilizopo, kisha umuulize: "Nikusindikize?" Uamuzi ni wake.
- Mwangalizie watoto na sufuria jikoni. Wengine wanachelewa kwa sababu hiyo tu.
- Nyamaza. Habari hii si yako kuipeleka kisimani.

Kwa mume: mke wako akibakwa hajazini. Wanaume wengine hufukuza, na hapo mama anapata majeraha mawili, la pili likitoka nyumbani. Nenda naye kituoni, ushike dawa zake, umkumbushe kidonge cha kila siku. Siku 28 ni nyingi kwa mtu aliye peke yake.

Mama yule niliyemtaja mwanzoni sasa ananipigia simu anaposikia jambo kijijini. Siku moja usiku aliniita kwa ajili ya binti wa jirani. Safari hii hatukutafuta barua. Tulipanda boda boda moja, watatu, na saa tano usiku tulikuwa tumekaa kwenye benchi la wodi ya wazazi, mkunga akifungua kabati la dawa.

Ndugu msomaji, mkatie makala hii mtu asiyejua kusoma, umsomee. Na kama limekupata wewe, inuka sasa, uende. Barua zitaandikwa baadaye.